Asiyeona wa Kumchagua Naye Ana Kura

Kila unapokaribia uchaguzi yako maneno ambayo hayakosekani katika vyumba vya walimu na katika korido za ofisi za halmashauri. Maneno yenyewe ni mafupi: "Hakuna wa kumchagua." Husemwa Nachingwea wakati wa mapumziko ya saa nne, madaftari yakiwa bado mezani. Husemwa Ruangwa jioni, watumishi wakirudi nyumbani. Wala hayasemwi na watu wasiojua thamani ya kura. Mara nyingi msemaji ni mtu aliyesoma, anayefundisha uraia darasani, na ambaye siku ya kupiga kura huenda akapangwa kusimamia kituo na kuwaonyesha wenzake sanduku lilipo.

Ni makosa kumjibu mtu huyo kwa kebehi, au kumwita msaliti na adui wa maendeleo. Pengine anachosema ni kweli. Pengine amewasikiliza wagombea wote wa kata yake akaona kuwa mmoja ni mwizi wa wakati, wa pili ni mwizi wa mali, na wa tatu hajui hata kazi anayoiomba. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kufundishwa kwamba kura ni haki yake, kwani hilo analijua na hulifundisha. Anachokosa ni jibu la swali gumu zaidi: haki hiyo aitumieje ikiwa hakuna hata mmoja aliyemridhisha?

Swali hili si geni katika historia ya nchi hii. Limeulizwa na wazee waliotangulia, tena katika hali ngumu kuliko ya leo, na majibu waliyoyatoa yanafaa kukumbukwa.

Uamuzi wa Tabora

Mwaka 1958 Watanganyika walitakiwa kuingia katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa masharti yaliyowaudhi. Hakuruhusiwa kupiga kura ila mwenye kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au mwenye elimu au cheo kilichowekwa na sheria. Na huyo aliyeruhusiwa alilazimishwa kupiga kura tatu kwa pamoja: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Aliyemchagua Mwafrika peke yake, akawaacha wengine, kura yake ilihesabiwa kuwa imeharibika. Utaratibu huo uliwapa watu wachache sana viti sawasawa na mamilioni ya Waafrika.

Hasira ya wanachama wa TANU ilikuwa ya haki. Wajumbe wengi walifika kwenye mkutano mkuu wa Tabora mwezi Januari 1958 wakitaka uchaguzi huo ususiwe. Hoja yao ilikuwa nzito: kuingia katika uchaguzi wa kibaguzi ni kuukubali ubaguzi. Mwalimu Julius Nyerere alisimama upande wa pili. Naye hakuutetea utaratibu wa kura tatu, aliuchukia kama walivyouchukia wao. Alichokiona ni kwamba viti vile havingebaki vitupu kwa sababu TANU imekasirika. Vingekaliwa na chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa kutiwa moyo na Gavana Twining, na serikali ya kikoloni ingeudai ushindi huo kuwa ndiyo sauti ya Watanganyika.

Baada ya mjadala mkali mkutano ulikubali kuingia. Bwana Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitoa na kuanzisha African National Congress. TANU ikawatafuta Wazungu na Waasia waliokuwa tayari kuunga mkono uhuru, ikawaomba wapiga kura wake wazijaze karatasi zote tatu. Katika uchaguzi uliofanyika kwa awamu mbili, mwaka 1958 na 1959, watu waliokuwa wakiungwa mkono na TANU walishinda, na UTP ikasambaratika. Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Tukio hilo la Tabora limeitwa Uamuzi wa Busara, na jina hilo linastahili.

Lakini busara yake hutajwa nusu nusu. Wapo wanaoutumia Uamuzi wa Tabora kumwambia mwananchi, "Piga kura, usiulize." Hilo silo somo la Tabora. Wajumbe waliuliza sana, na walijadiliana kwa siku kadhaa. Waliingia katika uchaguzi wakiwa wamejipanga, wakijua watamchagua nani, kwa sababu gani, na nini watakachokidai baadaye. Kura yao haikuwa ya mtu aliyekata tamaa akaamua kuokota lolote lililokuwa mbele yake.

Jembe na nyumba

Somo la pili limo katika chaguzi za mfumo wa chama kimoja, kuanzia mwaka 1965. Vikao vya Chama viliwachuja waombaji, na kwa kawaida wagombea wawili tu ndio waliopelekwa kwa wananchi wa jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Mwananchi aliyetamani mtu wa tatu hakuwa na pa kumpata. Kwa kipimo cha leo uchaguzi huo ulikuwa mwembamba, na hakuna sababu ya kuupamba.

Hata hivyo, wananchi waliutumia wembamba huo kwa namna iliyowashangaza wakubwa. Mwaka 1965 Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mmoja wa watu mashuhuri wa harakati za ushirika na uhuru, alishindwa katika uchaguzi wa ubunge. Mwaka huohuo Ndugu Amir Jamal, mwenye asili ya Asia, alichaguliwa Morogoro na wapiga kura ambao wengi wao walikuwa Waafrika. Wapiga kura hawakupewa wagombea kumi. Walipewa wawili, wakawapima kwa jambo walilolijua: nani amewasahau na nani amewakumbuka.

Tena kulikuwa na utaratibu mmoja uliowasaidia sana. Wagombea wawili wa jimbo walisimama katika mikutano ileile, chini ya mti uleule, mbele ya watu walewale, na hawakuruhusiwa kunadi kabila wala dini. Aliyedanganya alisahihishwa papo hapo na mwenzake aliyeketi hatua tatu kutoka kwake. Leo kila mgombea ana jukwaa lake, muziki wake na siku yake, na mwananchi huwasikia wagombea kama mtu anayesikiliza kesi ambayo mlalamikaji na mshtakiwa hawafiki mahakamani siku moja. Si ajabu basi kwamba wengi humaliza kampeni bila ya kujua tofauti iliyopo, kisha wakasema kwamba tofauti haipo.

Kadhalika katika kura ya Rais ya enzi hizo mgombea alikuwa mmoja, na mwananchi alijibu Ndiyo au Hapana. Wengi waliichukulia Hapana kuwa pambo. Zanzibar iliwaonyesha kwamba sivyo. Mwaka 1985 Ndugu Idris Abdul Wakil aligombea urais wa Zanzibar peke yake, na matokeo yalipotangazwa alikuwa amepata asilimia zipatazo 59 tu za kura. Alikuwa ameshinda, lakini kila mwenye kusoma hesabu alijua kwamba sehemu kubwa ya Wazanzibari haikuridhika. Aliiongoza Zanzibar kwa kipindi kimoja, hadi mwaka 1990. Wale waliopiga Hapana hawakumwondoa mgombea siku ile, ila waliacha hesabu ambayo hakuna aliyeweza kuifuta.

Ruangwa, Oktoba 2020

Mifano hiyo ya zamani inamrejesha msomaji kusini, katika wilaya hizi mbili jirani za Mkoa wa Lindi. Katika Uchaguzi Mkuu wa tarehe 28 Oktoba 2020 wananchi wa Ruangwa walikwenda vituoni bila ya kuwa na kura ya ubunge. Mgombea wa CCM, Ndugu Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu Novemba 2015 na mbunge wa jimbo hilo tangu 2010, alikuwa amekwisha kutangazwa kupita bila kupingwa. Haikuwa Ruangwa peke yake, kwani majimbo kadhaa nchini yalifikwa na hali hiyo, na vyama vya upinzani vililalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao.

Jambo la kuangaliwa hapa si sifa za mbunge huyo. Yamkini angeshinda kwa kura nyingi mno, kwa maana mbunge ambaye ni Waziri Mkuu, naye mwenyeji wa mahali na mwalimu kwa taaluma, si mgombea dhaifu. Lakini hilo ndilo linalofanya jambo lenyewe liwe la kufikiriwa. Mwananchi wa Ruangwa aliyempenda mbunge wake hakupata nafasi ya kusema hivyo, na asiyempenda hakupata nafasi ya kusema vinginevyo. Wote wawili walinyamazishwa kwa pamoja. Mbunge naye alirudi bungeni bila ya kujua ni watu wangapi wa jimbo lake walio pamoja naye. Kiongozi aliyepita kwa njia hiyo hana deni linalohesabika kwa mtu yeyote, na mpiga kura hana risiti.

Ni jambo la kupongezwa kwamba Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani iliyotungwa mwaka 2024 iliuona upungufu huo, ikataka mgombea wa ubunge au udiwani aliyebaki peke yake naye apigiwe kura. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 pia, wakazi wa vijiji na vitongoji vingi vilivyokuwa na mgombea mmoja walijibu Ndiyo au Hapana. Hapana imerudi kwenye karatasi. Haitoshi, kwa sababu kura ya namna hiyo huuliza tu kama fulani anafaa, haimpi mwananchi mtu mwingine wa kumpima naye. Lakini ni bora mara nyingi kuliko karatasi isiyokuwapo.

Wala haifai kulipita kimya jambo la karibuni zaidi. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, kikiwa nje ya kinyang'anyiro. Tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba waliojitokeza walikuwa asilimia 87 ya walioandikishwa. Siku hiyohiyo na siku zilizofuata zilitokea ghasia, watu walipoteza maisha, na intaneti ilizimwa. Novemba 2025 Rais aliunda tume ya kuyachunguza matukio hayo. Kila mzalendo, wa chama chochote, ana wajibu wa kukiri kwamba maneno "hakuna wa kumchagua" yanaweza kutoka chumba cha walimu yakaingia barabarani. Kuyapuuza ni kuacha ufa mpaka ukuta uanguke.

Kimya na tafsiri zake

Jibu la kwanza analolifikiria asiyeridhika ni kubaki nyumbani. Anaamini kwamba kutokwenda kwake kutasomwa kama ujumbe. Hesabu za nchi hii zinaonyesha kwamba haisomwi hivyo. Mwaka 2010 waliopiga kura walikuwa asilimia 43 tu ya walioandikishwa, kiwango cha chini kuliko vyote tangu kurejea kwa mfumo wa vyama vingi. Je, wale asilimia 57 walisema nini? Wako waliodai kwamba wananchi walikuwa wameridhika, wakaona hakuna haja ya kujisumbua. Wako waliodai kwamba wamechoka. Wako waliodai kwamba daftari lilikuwa limejaa majina ya marehemu na ya waliohama. Mwaka 2015 waliojitokeza wakapanda hadi asilimia 67, na 2020 wakashuka hadi asilimia 51, na kila mara tafsiri zilikuwa nyingi kama wafasiri. Kimya hakina mwenyewe, na kila apitaye hukichukua akakisemea apendavyo.

Jibu la pili ni kwenda kituoni na kuiharibu karatasi kwa makusudi. Hilo linaonyesha juhudi zaidi, kwani mtu amepanga foleni. Lakini mwaka 2020 kura za Rais zilizokataliwa zilikuwa 261,755, nazo ziliwekwa kapu moja: ya bibi ambaye mkono wake ulitetemeka akaweka alama ya vema katikati ya visanduku viwili, na ya mhitimu wa chuo kikuu aliyechora mstari wa hasira kutoka pembe hadi pembe. Sheria haiwatofautishi wawili hao. Msimamizi wa kituo huweka muhuri uleule juu ya kosa na juu ya msimamo.

Jibu la tatu ni kususia kwa pamoja. Hili ni zito kuliko yaliyotangulia, na historia inalo la kusema pande zote mbili. Afrika Kusini, Agosti 1984, makaburu waliwaitia Wahindi na Machotara uchaguzi wa mabunge yao ya pembeni, huku Waafrika walio wengi wakiachwa nje kabisa. Umoja wa UDF, ulioundwa mwaka mmoja kabla, uliwaomba watu wasiende, na wengi sana hawakwenda. Dunia ilielewa, kwa sababu madai yalitajwa kabla, waliosusia walikuwa na umoja wao, na kilichokataliwa kilikuwa utaratibu wenyewe wa kibaguzi.

Kwa upande mwingine, Kenya mwaka 2017 upinzani uliususia uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba, na Ndugu Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia zipatazo 98. Zanzibar, Machi 2016, baada ya matokeo ya Oktoba 2015 kufutwa, chama cha CUF kilisusia marudio, na Dakta Ali Mohamed Shein akatangazwa kwa asilimia zipatazo 91, huku CUF ikitoka mikono mitupu katika Baraza la Wawakilishi. Waliosusia walikuwa na sababu zao, nao walizieleza. Lakini kwa miaka iliyofuata bajeti zilipitishwa na sheria zikatungwa bila ya sauti ya waliowachagua.

Basi kususia ni silaha ya umma uliojipanga. Mtu mmoja mmoja anayebaki nyumbani Naipanga au Mandawa hajasusia. Hajaonekana tu.

Hoja ya uhalali

Hapana budi kuikabili hoja iliyo kali kuliko zote. Husemwa kwamba kumpigia kura mgombea mbaya, hata kama ni afadhali kidogo kuliko mwenzake, ni kumpa uhalali, na kwamba mwenye dhamiri safi hawezi kuweka alama mbele ya jina asiloliamini.

Hoja hii ina heshima yake, ila imejengwa juu ya kosa moja: kuichukulia kura kuwa ni kiapo cha mapenzi. Mwalimu anayesahihisha mtihani humpa mwanafunzi wa kwanza alama 41 na wa pili 28, na kwa kufanya hivyo hajasema kwamba mwenye 41 ni mwanazuoni. Amesema tu ukweli kuhusu karatasi mbili zilizo mbele yake. Kura nayo ni kipimo cha namna hiyo. Kama wasemavyo wahenga, heri nusu shari kuliko shari kamili. Na ikiwa kweli shari hizo mbili zinalingana, karatasi ya Rais si ile ya mbunge, wala ya mbunge si ile ya diwani. Aliyekata tamaa na moja hana sababu ya kuzitupa zote tatu.

Na hapa ndipo wasomi hukosea zaidi. Humjadili Rais kwa saa tatu na diwani kwa dakika moja. Lakini diwani ndiye anayekaa katika Baraza linalopitisha bajeti ya halmashauri. Katika wilaya hizi, ambako mapato ya ndani hutegemea sana ushuru wa mazao, Baraza hilo ndilo linaloamua kama fedha za korosho na ufuta zitarudi kwa mkulima zikiwa zahanati na nyumba ya mwalimu, au zitaishia kwenye posho za vikao. Asilimia 10 ya mapato hayo inayotakiwa kukopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hupita katika halmashauri hiyohiyo. Mwalimu anayefundisha watoto 90 katika chumba kimoja, kisha akasema udiwani haumhusu, amesahau chumba hicho kinajengwa na nani.

Ama ubunge, wananchi wa kusini walipata somo la wazi mwezi Juni 2018. Sheria ilikuwa ikiirejesha kwenye zao asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, fedha ambazo zilihudumia utafiti, miche na pembejeo. Serikali ilipopeleka mapendekezo ya kuzipeleka fedha zote katika Mfuko Mkuu, baadhi ya wabunge wa mikoa ya korosho, wakiwamo wa chama tawala, walisimama wakapinga kwa ukali. Walishindwa, na sheria ikabadilishwa. Lakini mkulima wa Nachingwea alipata kujua nani alisema, nani alinyamaza, na nani hakuwamo ukumbini. Hicho ni kipimo halisi cha mbunge, wala hakihitaji kumpenda mtu.

Watu wa eneo hili wanajua pia maisha ya kutopimwa kwa kiongozi yeyote. Katika miaka ya 1940 serikali ya Uingereza iliamua mjini London kwamba Nachingwea iwe shamba kubwa la karanga, pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu ilisafishwa, reli ikajengwa kutoka pwani, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umeachwa baada ya kutafuna pauni zipatazo milioni 36. Reli yenyewe baadaye iling'olewa. Hakuna mwenyeji wa Nachingwea aliyeulizwa kama ardhi ile inafaa, wala hakuna aliyewajibika mbele yake ilipodhihirika kwamba haifai. Miaka iliyofuata wananchi hawahawa waliishi jirani na kambi ya FRELIMO, wakawaona vijana wa Msumbiji wakijiandaa kufa ili nao wapate kuulizwa. Kutoka Nachingwea ndiko Samora Machel alikoanzia safari ya kurejea nchini mwake kabla ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975. Mahali penye kumbukumbu hizo, kura haiwezi kuwa kitu cha kuachwa mezani.

Kazi iliyopo

Hata hivyo, kumhimiza mwananchi apige kura bila ya kumtazama aliyeandaa orodha ni kumtwisha mzigo usio wake peke yake. Kama wagombea hawavutii, lawama ya kwanza ni ya vyama vilivyowaleta. CCM, chenye wanachama wengi katika wilaya hizi, kina wajibu mkubwa kuliko vingine. Mara nyingi jimbo huamuliwa katika kura za maoni na katika vikao vya uteuzi, miezi kadhaa kabla ya siku ya uchaguzi. Ikiwa wajumbe watanunuliwa kwa vitenge na bahasha, au ikiwa aliyeongoza kwa kura za wanachama ataachwa bila ya maelezo kama ilivyotokea katika majimbo kadhaa mwaka 2020, basi mwananchi atakayesema Oktoba kwamba hana wa kumchagua atakuwa anasema kweli, na waliomfikisha hapo wanajulikana. Mahakama Kuu iliibatilisha takrima mwaka 2006. Haifai irudi kwa jina la nauli.

Vyama vya upinzani navyo havina budi kujiuliza ni kwa nini katika kata nyingi huonekana miezi miwili kabla ya uchaguzi na kutoweka wiki moja baada yake. Chama kisichokuwa na tawi linaloishi hakiwezi kumpa mwananchi mgombea anayejulikana. Na wanaosimamia uteuzi wana deni la kuhakikisha kwamba fomu haimwengui mtu kwa herufi iliyokosewa.

Kwa upande wa watumishi na walimu, yako mambo ambayo hayangojei mwaka 2030. La kwanza ni daftari. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Mbeya kuja Nachingwea hujihesabu mgeni kwa miaka minane, taarifa zake zikiwa bado kule alikotoka. Kila uchaguzi hana wa kumchagua kwa sababu nyepesi kwamba hayumo. Anapokula, anapolipa pango na anaposomesha watoto ndipo kwake, na ndipo anapostahili kuandikishwa.

La pili ni kudai midahalo. Kanuni za utumishi zinamkataza mtumishi kuingiza siasa kazini, na zistahili kuheshimiwa. Lakini hazimkatazi, akiwa raia katika kijiji chake na nje ya saa za kazi, kuomba wagombea wote wa kata wasimame mkutano mmoja waulizwe maswali yaleyale: mizani ya korosho ghalani, malipo ya wakulima kupitia vyama vya ushirika, fidia ya wanaopisha uchimbaji wa madini ya kinywe Ruangwa, maji, nyumba za walimu. Kilichowezekana mwaka 1965 kinawezekana leo.

La tatu ni kuandika. Mwalimu ana kalamu na daftari. Ahadi ya mgombea ikiandikwa tarehe, mahali na maneno yake, ikasomwa miaka mitano baadaye mbele ya mkutano wa kijiji, itafanya kazi ambayo hasira haiwezi kuifanya. Mgombea aliyechaguliwa kwa shingo upande na watu wenye kumbukumbu hutumikia vizuri kuliko aliyechaguliwa kwa vigelegele na watu wenye kusahau.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakumaanisha kwamba majembe yote ni sawa. Mkulima hulikagua jembe angali kwa mhunzi, na lililopasuka hulikataa huko. Lakini mvua ikishanyesha hulima na lililopo, akijua upungufu wake, na msimu ukiisha hulirudisha kwa mhunzi likanolewe au libadilishwe. Asiyeona wa kumchagua naye ana kazi hizo tatu: kukagua mapema, kuchagua siku ikifika, na kudai baadaye. Akizifanya zote, uchaguzi ufuatao utamkuta na orodha iliyo bora kidogo kuliko ya jana. Asipofanya hata moja, orodha itaandikwa na wengine, naye atakuwa akirudia maneno yaleyale saa nne ya mapumziko.